Naandika majina ya wenzangu, langu naliruka

Shikamoo Bi Mkubwa,

Naandika usiku, kwa simu, mume wangu amelala. Ukiona maneno yamerukana unisamehe, natumia kidole kimoja gizani.

Sisi tunaitwa Warundi, ingawa Burundi hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Babu mzaa baba na babu mzaa mama walikuja pwani miaka ya 1950, wakiwa vijana, kukata mkonge huku Kwale. Walikaa kambi moja. Kambi ilipovunjwa, wenye kwao walirudi kwao, wao wakajenga nyumba za udongo pembeni ya shamba, na ndipo tulipo hadi leo. Babu mzaa mama alimwoa Mduruma wa Kinango, ndiye nyanya aliyenilea mpaka alipofariki mwaka 2009. Nduguze walikasirika, wakasema amejitupa kwa mtu wa kambini, na tangu hapo Kinango hatuendi ila kwa msiba. Mama yangu alizaliwa kambini mwaka 1967. Hana cheti cha kuzaliwa, hana kitambulisho. Baba alikufa bila nacho. Kwetu kabila ni la baba, kwa hivyo sisi ni Warundi, maneno yamekwisha.

Mimi ninacho kitambulisho. Hapa ndipo penye shida yangu.

Nilipofika darasa la nane, mwalimu alitaka cheti cha kuzaliwa ili nisajiliwe mtihani. Nyumbani kukawa kama kuna maiti. Jirani yetu, mama wa Kidigo ambaye watoto wake nimekua nao, alikuja jioni akasema, "Mwandikeni wangu." Basi. Nikaandikwa binti yake, naibu wa chifu akapiga muhuri, na jina hilo ndilo limenifikisha kidato cha nne, chuo cha ualimu wa chekechea na kazi ya kaunti ninayoifanya sasa. Nilipotimiza miaka kumi na minane nikapata kitambulisho bila kuulizwa swali la pili. Yule mama namwita Mama mpaka leo, na si kwa ajili ya karatasi. Lakini mwanawe mkubwa hunitania kila Idi: "Na shamba je, nalo utataka fungu lako?" Watu hucheka. Mimi hucheka kwa mdomo.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2003. Zamu yake ilipofika, yule naibu wa chifu alikuwa amestaafu na wale vijana wa jirani wakakataa katakata. Ana miaka ishirini na kitu, ni mvuvi hodari, lakini chama cha wavuvi pale ufuoni hakimwandiki. Laini yake ya simu ni jina langu. Pesa zake za samaki huingia kwenye simu yangu, na kila jioni hunijia na kusema "Dada, nimetumiwa?" kama mtoto anayeomba ya peremende. Kivuko cha Likoni havuki usiku, anaogopa kuulizwa kitambulisho na polisi.

Sasa mwaka huu wazee wetu wameamua kuandika ombi Bunge, kama walivyofanya Wapemba. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nimefanywa karani. Kila Jumamosi tunakutana chini ya mwembe, nina daftari lenye safu tatu, jina, kijiji na kidole, na kibweta cha wino. Tumejaza kurasa kumi na nne. Mwenyekiti anatoza kila kichwa shilingi elfu moja za kufungulia faili Nairobi.

Jumamosi iliyopita, baada ya watu kuondoka, mdogo wangu alilichukua lile daftari akaanza kulifungua ukurasa kwa ukurasa. Kidole chake mwenyewe kilikuwa bado kimeiva wino. Akafika mwisho akaniuliza, "Dada, wewe uko wapi humu?" Sikumjibu. Akanirudishia daftari na kalamu juu yake, akaenda zake baharini.

Nikitia sahihi kwa jina la kitambulisho, mimi ni Mdigo, nafanya nini kwenye ombi la Warundi? Nikitia kwa jina alilonipa baba, nimejishitaki mwenyewe. Mama anasema ninyamaze, kitambulisho kimoja kinatosha kushika nyumba nzima. Mume wangu anasema nikitia kidole tu nimefukuza kazi kwa mkono wangu. Mdogo wangu hasemi kitu.

Nifanye nini? Na je, hilo ombi litatusaidia kweli, au tunajaza madaftari?

Karani wa Mwembeni,
Kwale

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma ulivyotaka niisome, habari ya sahihi na jina. Mara ya pili nikasimama kwenye mstari ulioupita mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa: nyanya yako, Mduruma wa Kinango. Nitaanza hapo. Sahihi tutaifikia.

Kabila kwenu linafuata baba, sawa. Uraia haufuati kabila. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia. Hilo neno "au" ndilo lenye kazi, mwanangu. Na kifungu hicho hicho kinawachukua hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza, madhali mama au baba ni raia, au alikuwa raia. Nyanya yako alikuwa Mduruma, binti wa Waduruma, uhuru wa Desemba 1963 ulimkuta Kinango au Kwale, popote pale, akiwa mtu wa hapa mwana wa watu wa hapa. Kuolewa na mkata mkonge wa Burundi hakukumvua kitu. Alipomzaa mama yako mwaka 1967, alimzaa Mkenya. Mama yako alipowazaa wewe na mdogo wako, alizaa Wakenya wawili.

Isome tena aya hiyo polepole, halafu ujiulize kwa nini hakuna aliyewaambia. Mimi nadhani ni kwa sababu kila mlipofika kwenye meza ya mtu, swali la kwanza lilikuwa "Baba yako nani?", nanyi mkajibu swali mliloulizwa. Hakuna aliyeuliza nyanya yako ni nani. Na kinachonichekesha, ingawa si kicheko, ni kwamba hao Waduruma na Wadigo ni watu ambao zamani walijua sana kuhesabu upande wa mama. Kwao mpwa ndiye aliyekuwa akimrithi mjomba. Leo mjukuu wa binti yao anaambiwa hana kwao.

Mimi si wakili. Nilipiga taipu miaka kumi na moja nje ya ofisi ya DO, yaani afisa wa tarafa, chini ya mwavuli wa soda, nikiwaandikia watu barua za serikali kwa shilingi kadhaa ukurasa. Nilichojifunza pale ni kimoja: mtu anayeomba asichostahili na mtu anayedai kilicho chake huandika barua mbili tofauti, na afisa huzijua kwa kuzitazama tu. Ninyi mmekuwa mkiandika barua ya kwanza wakati huenda mnastahili ya pili.

Nasema "huenda" kwa sababu sheria bila ushahidi ni hadithi. Kinachotakiwa ni alama ya nyanya yako kwenye karatasi. Kile kipande cha mkoloni, kilichokuwa kikining'inizwa shingoni ndani ya mkebe, kilikuwa cha wanaume. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyanya aliyefariki mwaka 2009 ana uwezekano mkubwa wa kuwa alikuwa nacho. Kiko wapi? Wazee wetu hawatupi karatasi ya serikali. Kitafuteni kwenye mkebe wa Kimbo, chini ya godoro, ndani ya Kurani au Biblia ya mtu. Kikikosekana kwenu, kipo Kinango, au ipo nambari yake, au wapo nduguze wenye vitambulisho vyao ambao wataweza kusimama mbele ya chifu wao waseme, "Huyu alikuwa dada yetu, na huyu ni bintiye."

Anayetangulia ni mama yako, si mdogo wako. Mama aombe cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa, kwa barua ya chifu, ushahidi wa wajomba na chochote chenye tarehe: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, jina lake kwenye rejista ya shule hata kama alisoma miaka miwili. Baada ya cheti, kitambulisho. Akishakipata, mdogo wako atashika upindo wa kanga yake. Hamtamalizana kwa siku moja, na yupo karani atakayewarudisha na kuwaambia "Nyinyi ni Warundi, ngojeni ombi lenu." Akisema hivyo msibishane. Mwombeni kwa adabu aandike sababu za kuwakatalia. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mnapofanyiwa uamuzi wa kuwaumiza. Nimewaona makarani wengi walioamua kutafuta faili upya baada ya kuombwa waandike na kutia sahihi yao wenyewe.

Haya, ombi.

Umeuliza kama mnajaza madaftari. Wamakonde wa hapo hapo Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walijaza mengi kuliko nyinyi. Mwezi Oktoba 2016 mamia yao walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe kabla ya Desemba mwaka huo. Wakaitwa kabila la arobaini na tatu. Washona wa Kiambu, waliokuja kutoka Rhodesia na kanisa lao, walitangaziwa uraia Desemba 2020: 1,670 wao, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba, wavuvi kama mdogo wako, waliupata mwaka 2023. Kwa hivyo njia ipo na imekanyagwa. Lakini tazama kitu kimoja katika hizo habari zote. Kila mara ni Rais aliyesimama jukwaani akatangaza. Kijiji kinapiga vigelegele, na sheria yenyewe inabaki pale pale ikimngojea mwingine.

Na sheria yenyewe ndiyo hii. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, vifungu vya 15 hadi 17, ilifungua dirisha kwa watu wasio na uraia walioishi nchini mfululizo tangu 12 Desemba 1963, kwa wahamiaji wa zamani fulani, na kwa vizazi vyao. Iliwapa miaka mitano ya kuomba, na nyongeza isiyozidi mitatu. Hesabu mwenyewe: dirisha lilifika mwisho mwaka 2019, na wengi wenu mlikuwa hamjasikia kama liliwahi kufunguliwa. Wakili awaambie hali yake ilivyo leo, kisha ombi lenu lizungumze na kitu hicho kwa jina lake. Likiandikwa "tunaomba serikali itukumbuke", litasomwa, litahurumiwa, litawekwa. Likiandikwa "tunaliomba Bunge lirekebishe vifungu hivi ili muda wa kuomba usiwe na mwisho", kamati itakuwa na kazi ya kufanya.

Haki ya kulipeleka mnayo. Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi la maandishi, Bungeni, na cha 37 nacho kinasema kila mtu. Waliotunga Katiba wanajua kuandika "kila raia" wanapotaka. Kwenye kupata habari za serikali, kifungu cha 35, waliandika hivyo. Hapa hawakuandika. Mwambie hivyo mzee yeyote anayeogopa kwamba asiye na kitambulisho hana mdomo.

Taratibu zimo katika sheria ya mwaka 2012 ya kupeleka maombi Bungeni. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Likabidhiwe kwa Karani wa Bunge. Liseme mmeshakwenda wapi na mkajibiwa nini. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani. Na mwisho liseme waziwazi mnaomba nini. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au kidole. Naam, nambari ya kitambulisho. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka miwani chini. Msiache nafasi hiyo wazi, wala msijaze nambari za majirani. Kila mstari andikeni "sina, ndicho ninachoomba". Kurasa kumi na nne za maneno hayo zitaeleza shida yenu kuliko utangulizi wowote mtakaotunga.

Na kuhusu zile shilingi elfu moja. Bunge halitozi ada ya kupokea ardhilhali, wala hakuna kitu kinachoitwa kufungua faili Nairobi. Kuna nauli, kuna kupiga chapa, kuna chai ya wajumbe, na hizo ni pesa halali zikisomwa mbele ya watu chini ya mwembe huo huo. Wewe ndiye karani. Ongeza safu ya nne kwenye daftari, uandike nani ametoa ngapi na zimekwenda wapi. Mwenyekiti mkweli atakushukuru. Mwenyekiti wa namna nyingine utamjua kwa jinsi atakavyochelewa mkutano ujao.

Kabla hujajaza ukurasa wa kumi na tano, rudi nyuma uwaulize wote swali nililokufunulia: mama yako alikuwa nani, nyanya yako alikuwa nani? Sitashangaa ukikuta wengi wana Mduruma, Mdigo, Mkamba au Mtaita upande wa mama. Hao wasiombe kupewa uraia. Waombe uraia wao utambuliwe, na kesi zao ziende kwa msajili moja moja hata ombi likiwa njiani. Wale ambao mama na baba wote walitoka kambini ndio hasa wenye haja na vifungu vile vitatu. Mkiwachanganya kapu moja, mwenye haki ya leo atamngojea mwenye haki ya kesho, na wote watachelewa. Najua mwenyekiti hatapenda, maana kundi kubwa lina sauti. Lakini karani ni wewe, na kalamu iko mkononi mwako.

Sasa sahihi yako.

Usiitie. Si kwa jina la kitambulisho wala kwa jina la baba yako, mpaka umeketi na wakili. Kutoa maelezo ya uongo ili uandikishwe kitambulisho ni kosa la jinai, na aliyeyatoa alikuwa na miaka kumi na minane, si mtoto tena. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Ombi likishapokelewa Bungeni ni karatasi ya umma, litasomwa na watu usiowajua. Lakini pia usikae ukidhani wewe ni mgeni aliyeiba uraia. Ikiwa habari ya nyanya yako ni kama ulivyoiandika, wewe ni raia aliyeandikishwa kwa wazazi wasio wake. Kosa lipo kwenye maelezo. Uraia wa kuzaliwa haupatikani kwa ule muhuri wa naibu wa chifu, kwa hivyo hauondoki nao. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi ya wakili kufanya kazi, kuomba maelezo yarekebishwe, na kukulinda wakati yakirekebishwa. Kama pesa ya wakili hamna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewataja hata wasio na uraia miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Mashirika ya haki yaliyotembea na Wamakonde na Wapemba nayo yana wasaidizi wa kisheria hapa pwani. Nenda ana kwa ana. Usitume picha ya kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp, na lile daftari nalo lisipigwe picha hata moja.

Kuhusu wenzako, sidhani kama wewe ni peke yako. Uliza taratibu utakuta aliyeandikwa Mgiriama, aliyeandikwa Mkamba, aliyenunua jina kwa mbuzi. Ombi linaweza kuwa na ibara moja, isiyotaja mtu, inayoomba waliojiandikisha kwa majina ya kuazima waruhusiwe kujitokeza na kurekebisha bila kushitakiwa. Hiyo ibara iandike wewe. Hakuna chini ya mwembe huo anayeijua vizuri zaidi.

Yupo mtu mmoja ambaye katika barua yako yote hukumfikiria hatari yake, na ni yule mama wa Kidigo. Alisema "Mwandikeni wangu" mbele ya serikali. Ukifunguka wewe, amefunguka yeye, na ni mzee. Kabla wakili wako hajaandika hata barua ya kwanza, keti naye, umweleze, umsikilize. Na ukifika hapo mwambie yule mwanawe mkubwa, bila utani, kwamba shamba lake hulitaki na unatafuta njia ya kutoka kwenye karatasi zake kwa heshima. Mzaha unaorudiwa kila Idi si mzaha. Kijana ana hofu yake, mwondolee.

Mama yako anaposema kitambulisho kimoja kinatosha nyumba nzima, anasema kama mtu aliyeishi maisha yake yote akipitishwa kivukoni na huruma za watu. Usimgombeze. Lakini kitambulisho kimoja kimeshindwa kumwandikisha mwanawe kwenye chama cha wavuvi, kwa hivyo hakitoshi. Mumeo naye ana haki kuogopa, maana mshahara ni wa nyumba. Mwonyeshe jibu hili alisome mwenyewe. Ataona sikukutuma ukatie kidole.

Mdogo wako ndiye aliyenikaa rohoni. Alikuuliza uko wapi humu, nawe ukanyamaza, akaenda baharini na jibu alilojitungia mwenyewe. Nahisi amejiambia dada yake anawaonea aibu. Mpe jibu la kweli: kwamba jina lako likiwa mle linaweza kuwafunga watu watatu, na kwamba kuna mlango mwingine, na mlango huo utaufungua pamoja naye. Halafu hizo pesa zake za samaki, mnunulie daftari dogo umwandikie kila kinachoingia na kinachotoka, asiwe anauliza. Mwanamume wa miaka ishirini na kitu hapaswi kumuuliza dada yake kila jioni kama ametumiwa.

Jumamosi hii mkutano uahirishe, sema una safari. Mchukue yeye na mama yenu, mpande matatu ya asubuhi kwenda Kinango kwa wajomba. Mmekuwa mkienda kwa misiba tu, kwa hivyo wakiwaona watashituka, watauliza nani amekufa. Chukueni sukari kilo mbili, majani ya chai na tumbaku ya mjomba mkubwa kama anatumia. Mama yako asalimie kwanza, yeye ndiye mpwa wao. Kaeni, muulize habari za mvua na za ng'ombe, chai inywewe. Kitambulisho cha nyanya kiulizeni vikombe vikishaondolewa.